Hodi Kwenye Miwani

Apa kwanza. Sema wallahi humwambii mtu. Haya, soma, ukimaliza watumie dada zako tu, na kundi la kikoba, basi.

Kulikuwa na fundi wa kompyuta huko Korogwe, anaitwa Shomvi. Katengeneza miwani, dude kubwa linafunika uso mzima! Ukilivaa unajiona uko nyumbani kwa mgonjwa. Unaingia, unampa dawa, unajifunza kuuguza bila kumuua mtu.

Akawaita kina mama wanaotembelea wagonjwa waje kuijaribu. Kila aliyevua, anamuuliza, "Vipi, mama?"

"Nzuri sana, mwanangu! Mungu akubariki."

Kichwa kikamvimba. Mara bosi wake, Bwana Mbwambo, huyo katoka Dar, kanuna. "Mbona kompyuta inaonyesha mgonjwa wako wa kwenye miwani hajapewa dawa na mtu hata mmoja? Leo nisipoona akipewa, kazi naifunga, na wewe ukalime."

Shomvi jasho chapachapa. Akamvisha Bi Mwanaidi, mmoja wa kina mama wale, akaunganisha na televisheni ili wote waone anachokiona. Kwenye televisheni, mlango wa mgonjwa uko wazi kabisa. Bi Mwanaidi kasimama tuli.

"Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!" Kimya.

"Mama, ingia tu!" Shomvi anataka kulia.

"Niingie kwa watu sijakaribishwa? Mimi kibaka?"

"Na wenzako je?"

"Si walipiga hodi, wakaona kimya, wakarudi."

"Sasa mbona wote mlisema nzuri?"

"Mlango mzuri mno ule, baba! Tukuvunje moyo, kijana wa watu?"

Bosi akapandwa na hasira. "Ujinga gani huu! Lete hapa niwaonyeshe mtu anavyoingia."

Akavaa. Akajongea. Kufika mlangoni, lo! Akavua viatu, palepale ofisini! Soksi imetoboka, dole gumba linachungulia. Akakohoa kidogo, kisha kwa adabu zote, "Hodi humu ndani?"

Jamani! Watu walianguka chini kwa kucheka. Bi Mwanaidi ndiye aliyemwitikia, "Karibu, baba, pita!"

Na bosi akapita, akampa mgonjwa dawa.

Alipoivua akawatazama, akajitazama miguuni, naye kicheko kikamshinda. "Shomvi, kalime siku nyingine. Kwanza mtie huyu mama humo ndani awe anaitikia."

Funzo: Ukimtengenezea mtu kitu, usimuulize kama ni kizuri, atakusifia kwa heshima tu, kaa umtazame anavyokitumia.

Aliyenipa hii ni Mama Eliamani, mke wa bosi mwenyewe!