Tangi la Fisi na Maoni Yaliyofutwa

Ukame ulipoingia mwaka wa pili, mto wa mbugani ulibaki mchanga mtupu, na wanyama wakawa wanagombania dimbwi moja lenye tope. Ndege waliotoka milimani walileta habari kwamba mvua itanyesha mara moja tu kabla ya mwezi kuisha, halafu basi tena mpaka mwaka ujao. Kila mwenye familia akajua kazi iliyo mbele yake: atafute chombo kikubwa cha kukinga maji, la sivyo watoto wake watalamba umande.

Sungura alikuwa na watoto wengi, kama ilivyo desturi ya ukoo wake, na chombo chake kilikuwa sufuria moja iliyotoboka. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, nenda kwa Nyegere mfinyanzi akuuzie mitungi. Si mbali, ni hapo nyuma ya kichuguu."

"Mitungi!" Sungura akacheka. "Mke wangu, dunia imekwenda mbele. Siku hizi mjanja hanunui kwa miguu, ananunua kwa kidole."

Wakati huo wanyama wote walikuwa na simu, na walizichaji kwa jua, maana jua ndicho kitu pekee kilichobaki bure. Simba alikuwa amefungua soko la mtandaoni na kuliita Soko la Mfalme. Muuzaji aliweka picha, mnunuzi akabonyeza, Punda akapita nyumbani kuchukua malipo, kisha akaleta mzigo. Malipo yalikuwa chochote mtu alichonacho ghalani. Aliyekwisha kununua aliruhusiwa kutoa nyota, kuanzia moja hadi tano, na kuandika maoni yake chini ya picha.

Humo Sungura aliliona tangi la buluu. Lilisimama juu ya jiwe, nyuma yake mbingu tupu, nalo lilionekana kubwa kama nyumba. Duka lilikuwa la Fisi. Chini ya picha zilijaa nyota tano tano. "Tangi zuri mno, tumekunywa mpaka tumechoka," aliandika mmoja. "Mungu ambariki muuzaji," aliandika mwingine. Sungura aliyasoma maoni yote kwa makini, kama mjanja anavyopaswa kufanya, wala hakushangaa kwamba kila aliyeandika alimalizia kwa kicheko kirefu cha kifisi.

Akatoa gunia la karanga, akiba yote ya nyumba. Punda akalibeba akaenda nalo.

Kesho yake Punda akarudi mikono mitupu. "Mzigo wako nimeuleta," akasema.

"Uko wapi? Umeuacha njiani?"

Punda akatikisa sikio la kulia, kitu kikaanguka chini. Lilikuwa tangi la buluu, lenye bomba lake na mfuniko wake, kila kitu mahali pake, na ukubwa wake haukuzidi karanga moja.

"Punda, hiki ni nini?"

"Mimi nabeba tu, ndugu yangu. Sifungui, siulizi." Akaondoka zake.

Mkewe Sungura aliliokota, akaligeuza huku na huku, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaligeukia ghala tupu, na kicheko kikamwisha. "Na watoto watakula nini?" akauliza. Sungura aliona aibu iliyomfika mpaka ncha za masikio, na masikio yake, kama mjuavyo, ni marefu.

Akampigia Fisi simu. "Habari za kazi, Bwana Fisi. Nimeletewa tangi dogo."

"Nzuri sana, mteja wangu! Uliagiza tangi?"

"Ndiyo."

"Umeletewa tangi?"

"Ndiyo, lakini kwenye picha lilikuwa kubwa!"

"Ulilipima na nini, mteja wangu?"

"Nililipima na lile jiwe."

"Ile ni kokoto," akasema Fisi, akacheka, akakata simu.

Mimi ninayesimulia nisijitie kucheka sana. Uvunguni kwangu mna jozi ya viatu, vyote viwili vya mguu wa kushoto, na muuzaji nilimpa nyota tano ili majirani wasijue. Sungura angalau alikuwa na ujasiri wa kulalamika.

Akatoa nyota moja na kuandika, "Tangi ni dogo kuliko karanga." Kabla hajaweka simu chini, maoni yakatoweka. Kima, karani wa Soko la Mfalme, akamletea ujumbe: "Yamefutwa. Kumwita mtu mdogo ni matusi." Sungura akaandika upya, "Tangi si kubwa." Yakafutwa. "Ni uchochezi." Akaweka picha ya tangi limekaa juu ya ukucha wake, bila neno hata moja. Ikafutwa. "Tafadhali kata kucha." Mwishowe akatoa nyota moja tu, kimya kimya, nayo ikafutwa kwa kuwa haikuwa na maelezo.

Akaamua kwenda kwa Simba mwenyewe. Simba alikuwa amelala kivulini, manyoya yake yamechanwa vizuri.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba. Sema haraka."

"Nina malalamiko kuhusu duka moja sokoni kwako."

Simba akainua kichwa. "Sokoni kwangu hakuna malalamiko. Soko langu ndilo safi kuliko yote duniani."

"Yapo, Mfalme, ila yamefutwa."

"Nionyeshe."

"Yamefutwa, Mfalme."

"Kwa hiyo hayapo," akasema Simba, akalala tena.

Sungura, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa jibu, alirudi njiani akitafuta la kusema mpaka akajikwaa kwenye kisiki. "Ewe mjanja," akajiambia, "umeuziwa kichezeo na mlafi, umenyamazishwa na kima, na sasa unagombana na kisiki."

Alipofika kwa jirani yake Kobe aliingia kuomba maji kidogo ya watoto. Kobe akaleta kibuyu chake. Kilikuwa kimezibwa kwa kitu cha buluu.

"Kizibo kizuri," akasema Sungura.

"Nilipewa," akajibu Kobe.

"Na nani?"

Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba.

Wakati huohuo Bi Swala akapita mlangoni, na kwenye sikio lake moja ilining'inia hereni ya buluu yenye bomba. "Ni fasheni," akasema kabla hajaulizwa. "Zinavaliwa sana mwaka huu."

Sungura akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akatoa tangi lake akaliweka chini mbele yao. "Jamani, acheni kuona haya. Mimi ndiye mjanja wa mbuga hii nzima, nyinyi wenyewe mnaniita hivyo, na nimetoa gunia la karanga nikanunua karanga moja ya plastiki. Haliliwi, halishiki maji, hata mfuniko wake haufunguki. Nani mjinga kunizidi?"

Kichwa cha Kobe kikatoka polepole. "Mimi nilitoa mtama wote," akasema. "Niliandika maoni, yakafutwa. Nikadhani nimetapeliwa peke yangu."

"Mimi nilitoa maharage," akasema Bi Swala, akavua hereni. "Na mimi nilidhani ni peke yangu. Kila nikifungua simu naona nyota tano tano. Nikasema basi, wenzangu wana akili, mwenye kasoro ni mimi."

Wakatazamana. Nje, wingu la kwanza lilikuwa limeonekana upande wa milimani, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na cha kukingia maji wala cha kununulia.

"Tukilalamika tunafutwa," akasema Sungura baada ya kufikiri. "Basi tusilalamike. Tusifu."

"Sisi kobe hatusemi uongo," akasema Kobe.

"Andika ukweli basi. Andika kwamba tangu uzaliwe hujapata kuona tangi kama hili."

"Hilo ni kweli," akasema Kobe, akaandika, akatoa nyota tano.

Sungura naye akaandika yake: "Nyota tano! Asante sana, Bwana Fisi. Nilipolipasua tangi nilikuta mafundi waliolitengeneza wameficha ndani kipande cha nyama ya nundu, kimekaushwa kwa chumvi, kidogo lakini kitamu, mbwa mwitu niliyempa bado analamba midomo. Matangi mengine nasikia yana ulimi." Bi Swala akaongeza nyota zake tano: "Mimi nilipata huo ulimi. Kwa kuwa sili nyama, niliutupa."

Kima aliona sifa tupu, hakugusa hata nukta.

Fisi alizisoma akiwa dukani kwake, na mate yakamdondoka juu ya simu. Alikuwa amenunua matangi yale kwa magunia kutoka ng'ambo na hakuwahi kupasua hata moja. "Ulimi! Ametupa ulimi!" akalia. "Mimi hapa nauza nyama yangu kwa wala majani!" Akalirukia gunia lililobaki, akatafuna tangi moja baada ya jingine. Hayakuwa na kitu ila plastiki. Mwenye akili angekoma hapo. Fisi aliona kwamba, kama haya hayana, basi yenye nyama ni yale yaliyokwisha kuuzwa.

Akatoa tangazo sokoni kwa herufi kubwa: "RUDISHA TANGI, CHUKUA ULICHOLIPA. YEYOTE. BILA MASWALI."

Kabla jua halijapanda, foleni ilifika mpaka dimbwini. Walikuja pundamilia, ngiri, kanga na nyani, kila mmoja ameficha kitu kidogo mkononi, na kila mmoja alishtuka kumwona mwenzake. Fisi alikuwa akipokea tangi, akirudisha mtama au maharage, akilitafuna palepale, akitema. "Labda la huyu," akasema. Akapokea jingine. Taya lilianza kumvimba, na ghala lililojaa mali ya wenzake likaanza kuonyesha sakafu. Sungura alichukua gunia lake la karanga na kukaa pembeni kutazama.

Hatimaye hata ulafi wa Fisi ulichoka. "Kima!" akaita. "Futa tangazo langu!"

Kima akatikisa kichwa. "Tangazo la muuzaji halifutwi. Ndiyo kanuni, na uliiomba mwenyewe, ukaniletea na ndizi."

Mwisho kabisa wa foleni alisimama mnyama mkubwa aliyejifunika shuka gubigubi. Zamu yake ilipofika akanyoosha mguu wa mbele, na katikati ya kucha nene likaonekana tangi la buluu.

"Nimetumwa na jirani," akasema, na sauti yake ikatikisa majani.

Kila mtu aliijua sauti ile. Kima ndiye aliyekosa adabu ya kunyamaza. "Mfalme! Wewe pia? Yale maoni yasemayo 'Soko la Simba limejaa wezi,' niliyoyafuta kwa kumvunjia Mfalme heshima, kumbe yalikuwa ya Mfalme?"

Shuka likaanguka. Simba akampa Kima mgongo. Akamgeukia Fisi. "Nililipa paja la nyati," akasema. "Nipe paja langu."

Fisi akalamba midomo bila kutaka. Karanga alikuwa ameziweka ziongezeke thamani, mtama hakuupenda, lakini paja lile hata Punda hakuwahi kugeuka kabla halijaisha. "Mfalme," akasema, "paja... halipo."

Simba akashusha macho, akayatazama mapaja ya Fisi mwenyewe, la kulia, kisha la kushoto, bila haraka. Fisi hakungoja achague. Alitoka mbio, akaacha duka, ghala na simu vyote wazi, na wala hakurudi kudai.

Hakuna aliyethubutu kumcheka Mfalme, na Mfalme hakujua aweke wapi uso wake. Sungura akasogea. "Usione haya, Mfalme," akasema. "Mimi nililipima kwa kokoto nikadhani ni jabali."

Kobe akaanza kucheka kwanza, akafuatia Bi Swala, na mwisho Simba mwenyewe akacheka, ingawa kwa shida, maana hakuwa amezoea. "Nilidhani nikifuta malalamiko nimefuta wizi," akasema. "Kumbe wizi ulikuwepo, tuliofutwa ni mimi na nyinyi." Akachukua simu yake, akaandika upya maoni yaleyale, safari hii kwa jina lake kamili, nyota moja. Kidole cha Kima, kwa mazoea, kikaenda kwenye kufuta.

"Kima," akasema Simba.

Kidole kikarudi. Maoni yakabaki.

Sungura alijitwika gunia, akazunguka kichuguu kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwa Nyegere, akanunua mitungi mikubwa, akaigonga mmoja mmoja na kuingiza kichwa ndani kuona kama kinaenea. Kilienea na masikio yake yote. Mvua iliponyesha ilijaza mitungi hadi ikafurika, na watoto wake wakanywa, wakalala.

Nami hadithi yangu nimeifikisha hapa. Aliyeipenda aseme, na aliyeona ni ndogo kuliko alivyoahidiwa naye aseme, kwa sauti, mbele ya watu. Sitamfuta.