Wazee Washinde Nyumbani Kwao

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwa Asegelile lilikuwa swali na jibu. Ilikuwa jioni. Mkewe, Tusajigwe, alikuwa amerudishwa kutoka Nyumba ya Mchana. Asegelile akamvua koti, akamkalisha kwenye kiti chake karibu na jiko la mkaa, akamuuliza kama alivyomuuliza kila jioni:

"Umeshindaje, mama?"

"Nimeshinda na watu," Tusajigwe akajibu.

Wakala viazi na maharage, wakalala. Asubuhi Tusajigwe hakuamka.

Mji wao ulikuwa wa milimani, wenye baridi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu hadithi hii imepitia mikono mingi, nami naipitisha kama ilivyonifikia. Nyumba ya Mchana ilikuwa jengo la halmashauri, nyuma ya soko. Watu waendao kazini waliwaacha wazee wao pale asubuhi, wakawachukua jioni. Hapakuwa na dawa wala mashine. Wazee walikunywa uji, wakaota jua, wakacheza drafti kwa vizibo vya soda, wakabishana, wakasinzia. Tusajigwe alipelekwa pale alipoanza kusahau. Alisahau majina ya majirani, kisha njia ya sokoni, kisha majina ya wanawe. Jibu lile la jioni tu ndilo ambalo hakulisahau, na Asegelile alilishika kama mtu anavyoshika ukingo wa daraja.

Asegelile mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa halmashauri. Alikuwa amesoma sheria chuo kikuu, na maneno yake yalikuwa machache na yaliyopimwa. Azimio lolote la baraza aliliandika yeye. Madiwani walisema sentensi zake hazina hata upenyo wa kupitisha sindano.

Matanga yalipoisha alirudi barazani. Siku hiyo Diwani Ambokile, mtu wa mizaha, alisimama na hoja ya kuifunga Nyumba ya Mchana.

"Mwenyekiti, mimi nimepita pale mwenyewe. Nikawauliza, wazee wangu, hapa inafanyika kazi gani? Wakanijibu, tunashinda. Nikawauliza, mnamshinda nani?"

Ukumbi ukacheka.

"Sasa kama ni kushinda tu," Ambokile akaendelea, "kila mzee ana kwake. Jengo lile ni zuri. Tuligeuze ukumbi wa harusi, mji upate pa kuchezea."

"Na mchana, nyumba ikibaki tupu, mzee akae na nani?" akauliza Diwani Anyimike.

"Ana watoto, dada yangu."

"Watoto wako kazini."

"Jioni watarudi. Kwani jioni ni mbali?"

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mikono ikalingana. Ikabaki kura ya mwenyekiti.

Wote wakamtazama Asegelile. Walijua mkewe alikuwa akishinda pale. Yeye naye alijua la kusema, lakini alijizuia. Aliona kwamba akiitetea nyumba ile, watu watasema si mwenyekiti anayesema, ni msiba. Aliamini kwamba mtu mwenye haki haleti kilio chake barazani. Basi, ili asijipendelee, akaunyoosha mkono upande wa kufunga.

Kisha akaandika: "Madiwani wameamua kwamba kuanzia Jumatatu wazee washinde nyumbani kwao." Akaisoma tena. Ilikuwa fupi na haikuwa na doa.

Ijumaa mtendaji wa kata akaenda kuwasomea wazee azimio. Aliporudi, Asegelile akamuuliza, "Wamelipokeaje?"

"Vizuri, Mwenyekiti, kuliko nilivyodhani. Wamesema watatii. Ila Bibi Sekela ameniomba nilirudie."

"Kwa nini?"

"Anasema ni sentensi nzuri."

Jumatatu asubuhi Asegelile alikuwa akifunga tai alipobishiwa hodi. Mlangoni alisimama Bibi Sekela, aliyekuwa karani wa mahakama enzi zake, na mto wa kukalia kwapani. Nyuma yake alikuwa Mzee Andongolile, asiyesikia vizuri, amekumbatia ubao wa drafti.

"Shikamooni," Asegelile akasema. "Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kushinda."

"Kushinda hapa?"

"Azimio, Mwenyekiti. Madiwani wameamua wazee washinde nyumbani kwao. Kwao nani? Tumetazama nani ametangulia kutajwa, tukaona ni madiwani. Wenzetu wamekwenda kwa wengine. Sisi tumepangiwa wewe."

"Bibi Sekela, unajua nilikusudia nini."

"Sijui. Nimefanya kazi mahakamani tangu usichana mpaka kustaafu. Kusudi la mtu halisomeki. Maandishi ndiyo yanayosomeka."

"Anasemaje?" Mzee Andongolile akauliza.

"Anasema karibu."

"Ahsante. Chai ipo?"

Kabla Asegelile hajajibu, simu yake ikalia. Alikuwa Ambokile.

"Mwenyekiti, sebule yangu imejaa wazee. Mmoja anamuuliza mke wangu pazia hili lilifuliwa lini. Niwafanyeje?"

"Wewe ndiye uliyesema jioni si mbali."

"Mwenyekiti," Ambokile akasema, "ni mbali."

Asegelile alipogeuka, Mzee Andongolile alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha Tusajigwe. Tangu mazishi hakuna aliyekikalia kiti kile. Bibi Sekela aliuona uso wa mwenye nyumba.

"Ndipo alipokuwa akikaa mwenzio?"

"Ndipo."

"Andongolile, hama hapo."

"Anasemaje?"

"Mwache," Asegelile akasema. "Mwache akae." Akaifungua tai, akaenda kubandika chai.

Wakashinda. Mzee Andongolile alicheza drafti kwa wizi, na kila alipokamatwa hakusikia. Bibi Sekela alilaumu chumvi ya mboga, kisha akaongeza sahani. Asegelile, ambaye tangu msiba alikuwa akila kwa kusimama, alikula amekaa. Mchana, wote watatu walisinzia.

Jua lilipoinama Asegelile alipata neno la kuuliza.

"Bibi, mke wangu alikuwa akishindaje kule? Kila jioni nilimuuliza, na kila jioni alinipa jibu lile lile. Yote aliyasahau, hilo akalikumbuka."

Bibi Sekela akaupanga vizuri mto wake.

"Hakulikumbuka, mwanangu."

"Alinijibu kila siku."

"Alikujibu, ndiyo. Lakini jua likianza kushuka alikuwa anahangaika. Anavifunga vifungo vya koti, anatuzungukia mmoja mmoja. Anasema, 'Kuna mtu nyumbani ataniuliza nimeshindaje. Nitamwambia nini? Sitaki nifike nikose jibu.' Nasi tunamwambia, 'Mwambie umeshinda na watu.' Anatulia. Kesho yake anauliza upya, nasi tunamwambia upya. Siku nikiwa mgonjwa, huyu Andongolile ndiye aliyemwambia."

"Anasemaje?"

"Nasema habari za Tusajigwe."

"Ah," Mzee Andongolile akasema. "Umeshinda na watu."

Asegelile akanyanyuka, akachochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa.

Jioni mjukuu wa Bibi Sekela alikuja kuwachukua. Pale mlangoni kikongwe akageuka.

"Na wewe, Mwenyekiti, umeshindaje?"

Tangu mkewe afe hakuna aliyemuuliza swali hilo.

"Nimeshinda na watu," akasema.

Kesho yake asubuhi Asegelile aliwapigia simu madiwani wote wakutane Nyumba ya Mchana. Kisha akakibeba kiti cha Tusajigwe kichwani, akapita nacho katikati ya soko.

"Leo kweli umekuwa mwenye kiti," wauza ndizi wakamwambia.

"Leo ndiyo," akawajibu.

Alimkuta Ambokile nje ya mlango uliofungwa, amezungukwa na wazee wake wa jana, akimkaripia mlinzi kwa kuchelewesha ufunguo. Mlango ulipofunguliwa, baraza likakaa palepale, wazee wakisikiliza. Asegelile hakusema mengi.

"Kura yangu niliipiga vibaya. Niliogopa mtasema ni msiba unaosema. Kumbe mtu pekee barazani aliyejua nyumba hii inafanya nini alikuwa mimi, nami ndiye niliyenyamaza. Hata mimi nilijua nusu tu. Naomba tupige kura upya."

Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Ambokile. Hakuna uliobaki chini.

Asegelile akaandika azimio jipya, akampa Bibi Sekela alisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Lilisema: "Wazee washinde na watu."

Bibi Sekela akalisoma tena. "Hili halina tatizo," akasema.

Asegelile akakiweka kile kiti karibu na jiko la uji, akamshika mkono Mzee Andongolile, akamkalisha.

Funzo: Kabla hujamwamulia mzee mahali pa kushinda, shinda naye kwanza, na kama msiba umekufundisha jambo ambalo wengine hawalijui, liseme, kwa maana kulinyamazia si haki.