Kwa Nini Mshika Upanga wa Ighamba Humkazia Macho Mfalme

Kabla babu wa babu zetu hawajaota ndevu, mshika upanga wa mfalme wa Ighamba alisimama kama wanavyosimama walinzi wa kwingine kote: mgongo kwa mfalme, uso kwa watu. Sisi raia ndio tuliotazamwa kwa jicho kali, kana kwamba kila aliyekuja kusalimia ameficha kisu kwapani. Hakuna aliyeona ajabu.

Enzi za Mfalme Mndeme, kazi hiyo ilikuwa ya Senzia, mtoto wa mhunzi. Msiniletee habari za mashujaa wa bondeni. Huyu alikuwa mwanamume. Vitani alimbeba Mndeme mgongoni huku yeye mwenyewe ana jeraha la mkuki begani, akavuka naye mto, na walipofika ng'ambo akauliza kwanza kama mfalme ameumia. Siku aliyokabidhiwa upanga alikula kiapo kwamba hatamwaga damu ya mfalme kamwe, na kwamba atasimama kati ya mfalme na adui yake, akimtazama adui huyo usoni mpaka mmoja wao aanguke. Kiapo hicho alikishika kwelikweli.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Ukabaki mfereji mmoja tu wenye maji mlima mzima, na Mndeme akaamuru maji yote yaende kwenye migomba yake. Watoto wakawa wanalambishwa umande wa majani. Hapo wanawake wakachoka. Asubuhi moja waliingia mferejini, wakaketi bega kwa bega, wakauziba kwa miili yao, na maji yakafurika kuelekea kijijini. Mbele yao wote aliketi Naetwe, mama mkwe wake Senzia.

Mndeme alifika na askari wake, uso umemvimba kwa hasira.

"Wakate," akamwambia Senzia. "Maji yangu yapite."

Senzia akauchomoa upanga. Alimpenda mfalme yule na, tuseme kweli, alimwogopa pia. Akawatazama wale wanawake waliolowa mpaka vifuani, akamtafuta adui kati yao, hakumwona. Sasa mjue kwamba zama zile mtu na mama mkwe wake hawakutazamana wala kusemeshana. Wakikutana njiani, mmoja aligeukia kando. Naetwe hakuwahi kumsemesha Senzia tangu harusi. Siku ile aliinua uso wake wazi.

"Anza na mimi, baba," alisema. "Mkeo utamweleza mwenyewe."

Senzia akageuka, akampa mgongo. Watu wakadhani ni haya ya ukwe. Hata Mndeme akacheka, akamwambia aiweke haya yake kando afanye kazi. Na mpaka leo wapo wapuuzi wanaosimulia hivyo, eti shujaa wetu aligeuka kwa adabu tu. Wakome. Anayegeuka kwa adabu hainui upanga. Senzia aliinua wake, akaukamata kwa mikono miwili, macho yake usoni mwa mfalme.

"Niliapa kumtazama adui yako, Mfalme," alisema. "Ndiye huyu ninayemtazama."

Kicheko kikakatika. Mndeme akampokonya mkuki askari aliyekuwa karibu, akamwamuru Senzia apishe. Hakupisha. Akaamuriwa tena, hakupisha. Angeweza kumwangusha mfalme kwa pigo moja, na askari wote walilijua hilo maana yeye ndiye aliyewafunza, lakini kiapo alikila chote na hakuwa mtu wa kushika nusu. Mndeme akamchoma kifuani. Senzia akaanguka mferejini, mapajani mwa mkwewe, macho yake bado yakiwa kwa mfalme.

"Haya, wakateni ninyi," Mndeme akawaambia askari.

Yule aliyenyang'anywa mkuki akashuka mferejini mikono mitupu. Akasimama palepale aliposimama Senzia, akawapa wanawake mgongo, akamtazama mfalme. Mwenzake akamfuata, kisha mwingine, mpaka ukingo ukabaki na Mndeme peke yake. Walikuwa wanatetemeka, sikatai, lakini hakuna aliyeinamisha uso. Mndeme alitafuta mahali pa kuweka macho yake, akapakosa. Akautupa mkuki, akaondoka kwa miguu kama mtu yeyote, na maji yakaendelea kwenda kijijini. Naetwe alimlilia Senzia mpaka sauti ikamkauka, akimwita mwanangu mbele za watu.

Na tangu siku hiyo, kila anayetawazwa Ighamba humkuta mshika upanga amewapa watu mgongo na kumkazia yeye macho. Wageni hunong'ona kwamba hatuna adabu. Wamepita wafalme wengi walioomba mlinzi wao ageuzwe, wengine kwa upole, wengine kwa vitisho, na wote tumewajibu jibu lilelile: huyu hageuki, kama hutaki kutazamwa, shuka kitini.