Bata, Fundi Kenge na Tundu la Bwawa

Paukwa!
Pakawa!
Nani kataka bwawa?
Bata kataka bwawa!
Na fundi kapatikana?
Kapatikana, ana meno!

Haya. Na wewe unayesinzia pale ukutani, amka, mimi sirudii.

Hapo kale palikuwa na bata mmoja mjane, Bi Kidawa, mwenye vifaranga wanaojua kila kitu isipokuwa kuogelea. Bata asiyejua kuogelea! Lakini msimcheke. Alimpeleka kifungua mimba wake mtoni, mamba akamnyakua mbele ya macho yake, kwap! Tangu siku hiyo hakuthubutu kuwafikisha wadogo zake hata ukingoni. Walikuwa wakipiga mbizi kwenye vumbi, maskini, na yeye akiwatazama moyo unamuuma.

"Nitawachimbia bwawa hapa hapa nyumbani," akasema. Lakini miguu ya bata haichimbi. Ikabidi atafute fundi.

Akaja Fisi, penseli sikioni.

"Hodi, bi mkubwa!"

"Karibu, fundi. Nataka bwawa la wanangu, kina kifupi, kuta imara. Na juu ukutani tundu la kutolea maji yakizidi. Hilo tundu litakuwa na upana gani?"

Fisi akawatazama vifaranga, akameza mate, gudu! "Upana wa kiuno changu, bi mkubwa."

"Ahsante, fundi. Nitakuita."

Akaja Nguchiro, penseli sikioni.

"Hodi, dada!"

"Karibu, fundi. Hilo tundu litakuwa na upana gani?"

Nguchiro akawatazama vifaranga, akameza mate, gudu! "Upana wa kiuno changu, dada."

"Ahsante, fundi. Nitakuita."

Akaja Kenge, penseli sikioni, kamba ya kupimia shingoni.

"Hodi, shemeji!"

Shemeji! Marehemu mume wa Bi Kidawa hakuwahi kuwa na ndugu mwenye magamba. Lakini akamkaribisha, akamuuliza lile lile. Kenge akawatazama vifaranga, akameza mate, gudu! "Upana wa kiuno changu, shemeji. Na litatokea kule kichakani, maji yasikuchafulie uwanja."

Bi Kidawa akaelewa. Kila fundi alikuwa anajichimbia mlango wake mwenyewe. Alitamani kulia, maana nchi nzima hapakuwa na fundi asiye na meno, na wanawe wanakua bila kugusa maji.

Kenge akachungulia jikoni. "Shemeji, nasikia harufu ya konokono."

Akapakuliwa. Akala, akaramba sahani, akaramba na mwiko. Bi Kidawa akalitazama lile tumbo, akalitazama tena, akafuta machozi.

"Kazi ni yako, fundi. Ila anza na tundu."

Kenge akajipima kiuno kwa kamba, akachimba, paru! paru! paru! Akapita kulijaribu, akatokea kichakani, akatabasamu. Kisha akalizungushia saruji, likakauka ngumu. Ndipo akaanza bwawa.

Sasa nyinyi mliojenga mnaijua kawaida yetu: fundi hula kwa mwenye nyumba. Kenge alichimba kidogo, paru! "Shemeji, njaa!" "Kula, fundi." Akachimba kidogo, paru! "Shemeji, njaa!" "Kula, fundi, usione haya." Konokono wakaisha, ukaja ugali. Ugali ukaisha, vikaja viazi.

Kobe, jirani yao, akashindwa kuvumilia. "Kidawa, umerogwa? Wanao wanalala na uji mwepesi, huyu jambazi anakula mpaka anatweta!"

"Mwache ale, jirani."

"Atakula na wanao!"

"Ndiyo maana nasema mwache ale."

Bwawa likaisha. Na lilikuwa zuri, tusimnyime haki yake. Kuta zimenyooka, sakafu laini, kwa sababu Kenge alitaka watoto waingie wote bila woga. Maji yakajazwa, Kenge akaaga, "Kila la heri, shemeji," akaenda akiburuta tumbo, akazunguka nyuma ya nyumba hadi kichakani.

Bi Kidawa akawakusanya wanawe ukingoni. Moyo ulimdunda, du! du! du! Kama tumbo lile halijatosha, atawazika wote siku moja.

"Ngojeni," akawaambia. "Asiingie mtu."

Ndani ya tundu kukasikika: kwaru, kwaru, kwaru. Kikachomoza kichwa cha Kenge juu ya maji. Ikaja shingo. Yakaja mabega. Halafu, mkwamo! Tumbo limegoma. Akasukuma mbele, wapi! Akajivuta nyuma, wapi!

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "tundu limepungua."

"Tundu ni lile lile, fundi. Ulipima mwenyewe."

Bi Kidawa akacheka huku analia. "Haya, wanangu, ingieni! Ila yule mkae naye mbali."

Chubwi! Chubwi! Chubwi! Wakaogelea huku Kenge akiwatolea macho, na kitinda mimba akamrushia maji puani.

Fisi akaja kichakani kutafuta njia, akakuta mkia umeziba mlango. Mkia ukamchapa, pwaa! Akaja Nguchiro, pwaa! Na kila jioni Bi Kidawa alimletea fundi wake bakuli la uji. Alimwonea huruma, asife njaa. Tena watoto walikuwa bado hawajakomaa mbawa, kwa hiyo asikonde haraka.

Alipokonda mwishowe akachomoka kinyumenyume, wale watoto walikuwa bata wazima, wanaogelea, wanaruka. Bi Kidawa akaliziba tundu kwa jiwe. Kenge akaenda zake bila kuaga, na hadi leo ndiye fundi pekee wa nchi ile aliyewahi kukaa kwenye kazi mpaka mwenye nyumba akaridhika.

Basi funzo ni hili, wanangu: ukitafuta fundi mwaminifu, usihangaike kuuliza tabia yake. Tafuta mwizi mlafi, umlishe vizuri.

Mnacheka? Shauri yenu, mtajenga.

Hadithi yangu nimeitia majini. Anayejua kuogelea aifuate, asiyejua anawe miguu akalale.