Pua ya Gari la Oresta

"Ukidanganya pua, kifua kitalipa."

Ndiyo, Faines, ndiyo hiyo hiyo mliyoisikia asubuhi, yule mteja wa lori alipotuomba tuifunike kwa kibandiko taa ya injini inayowaka pale mbele ya usukani, eti inamkera machoni. Alijibiwa kwa methali, akaondoka amenuna. Nawe Mwinami umeacha kuosha spana ili uniulize imetoka wapi. Haya, kaeni. Mafundi wakubwa wamekwenda kunywa chai, kwa hiyo leo mzee ni mimi. Ndevu zangu ni chache lakini zinajiheshimu. Na kabla sijaanza, mjue mnasimuliwa na nani: tangu nimalize kidato cha nne nikaingia gereji hii, Tobia Kalinga hajawahi kulikimbia gari alilolitia mkono. Hata moja. Muulizeni yeyote.

Methali hii hatukuachiwa na mababu. Ilizaliwa hapa hapa Mafinga, mwaka ule wa baridi kali ambao hata mbuzi walikuwa wakikohoa kwa zamu, nayo ilianza hivi.

Dada Oresta Kikoti mnamjua. Ni huyu anayewatuma grisi, mkirudi mbio anawauliza mlilala wapi. Sasa hivi amekwenda dukani kununua plagi, na ni vizuri, maana akiwapo simulizi zangu huwa hazinogi. Wakati huo alikuwa bado anajifunza kazi kama ninyi. Baba yake, Mzee Kikoti, ni mtu wa mbao. Katika banda lake la mbao, chini ya vumbi la msumeno, lilikuwa limelala gari jekundu la mashindano, la milango miwili, fupi, limeinama mbele kama fahali anayetaka kupiga pembe. Mzee alilipata kwa mtu aliyehama, na hakujua la kulifanyia. Kila akilitazama alisema, "Gari lisilobeba hata mbao mbili ni pambo."

Oresta alilifufua. Kila jioni akitoka gereji alikwenda bandani, akafungua hiki, akasafisha kile, hadi siku moja likanguruma na kuku wote wa mtaa wakaruka uzio. Lakini siku hiyo hiyo waliolisikia si kuku peke yao. Chengula wa Makambako, dereva anayejulikana kwa mbio za milimani, alikuwa akipita mjini, akafika kwa Mzee Kikoti akitaka kulinunua. Mzee akavutiwa. Oresta akapiga magoti.

"Baba, usiliuze. Niache nishindane nalo Lugema."

Mzee alifikiri, kisha akatoa hukumu yake mbele ya Chengula mwenyewe. "Ukimpita huyu bwana Lugema, gari ni lako. Usipompita, siku ya pili yake linakwenda Makambako. Sitaki kusikia machozi."

Lugema ni mlima wenye barabara ya zamani ya magogo. Gari hupanda peke yake kutoka chini hadi juu, saa ikihesabu, na kila dereva hupanda mara mbili. Mpando wake bora ndio unaochukuliwa. Chengula alikuwa na injini kubwa kuliko ya Oresta. Hilo lilijulikana na kila mtu, Oresta akiwa wa kwanza.

Hapo ndipo anapoingia fundi fulani. Jina lake nalihifadhi, maana si vizuri kumsema mtu ambaye hayupo kujitetea. Alikuwa kijana mtanashati, mcheshi, mwenye akili nyingi kupita umri wake.

"Kama wewe," akasema Faines.

Usinikatize. Fundi huyo alimwambia Oresta, "Dada, nguvu ipo, tena inalala puani."

Ngoja niwaeleze pua. Kwenye bomba linaloingiza hewa ndani ya injini kuna sensa ndogo, haizidi kidole. Kazi yake ni kunusa hewa inayopita na kuiambia kompyuta ya gari: hii ni ya baridi, hii ni ya moto. Hewa ya baridi ni nzito, ina lishe, kwa hiyo kompyuta ikisikia baridi huachia mafuta mengi na kuwasha moto mapema, gari likaruka. Ikisikia joto hupunguza kasi kwa adabu, ili kifua cha injini kisiumie. Sasa fundi fulani akachukua kile kipande cha redio chenye mistari ya rangi, rezista, kidogo kama punje ya mtama, akakiunga kwenye waya wa sensa. Tangu hapo, hata ungewasha jiko mbele ya gari, kompyuta ingeambiwa: baridi, baridi, baridi.

"Ni salama?" Oresta akauliza.

"Salama kama maziwa ya mama."

Wakalijaribu alfajiri, ukungu umeikamata misonobari. Gari liliruka! Fundi fulani alikuwa ndani, kiti cha kushoto, akipiga mluzi. Maana gereji hii ina sheria yake, mnaijua: aliyegusa hupanda. Ukibadilisha kitu kwenye gari la mashindano, siku ya kushindana unakaa kando ya dereva. Ndiyo sababu hapa kwetu nati hukazwa vizuri.

Lakini tazameni kosa, nalo ni kosa la watu wa baridi kama sisi. Mafinga alfajiri hewa ni ya baridi kweli. Rezista ilisema baridi, na baridi ilikuwepo. Uongo ulikuwa umevaa nguo za ukweli, nani angeutambua? Wakajaribu tena kesho yake, alfajiri vilevile. Hakuna aliyefikiri kwamba chini ya Lugema ni bondeni, ambako jua la mchana linaweza kukaanga yai juu ya boneti.

Siku ikafika. Watu walijaa mpaka kwenye miti. Oresta akavaa helmeti, akageuka kushoto. Kiti kitupu. Akaambiwa fundi fulani ameshikwa na tumbo ghafla, amekimbilia choo cha shule iliyo jirani. Tumbo, wadogo zangu, halipigi hodi. Oresta akafunga mkanda. Akapanda peke yake.

Mwanzoni gari lilikwenda kama lililotukanwa. Lakini kona za katikati, injini ikianza kubeba mzigo wa mlima, akasikia mlio: ka-ka-ka-ka, kama mahindi makavu yakimiminwa kwenye sufuria. Injini inagonga. Akaondoa mguu kidogo, mlio ukapungua. Akakanyaga, ukarudi. Alifika juu akinyata, moshi wa bluu ukimfuata, na saa ikaonyesha amemaliza nyuma ya Chengula, nyuma kabisa.

Alipolirudisha chini, Mzee Kikoti alikuwa amesimama kando ya lori lake la mbao, kofia mkononi. Chengula alikuwa pembeni yake, mipando yake miwili ameshaimaliza, ameanza kulizunguka lile gari jekundu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mwanangu," Mzee akasema, "gari linakohoa."

"Nimesikia, baba."

"Basi turudi nyumbani. Umejaribu, watu wameona."

"Ulisema Lugema, baba. Lugema ni mipando miwili."

Chengula akacheka. "Dada, nihurumie. Usiniulie gari kabla sijalinunua."

"Kaka Chengula, simama hapo hapo, mkono usiguse rangi," Oresta akamjibu. "Bado lina mwenyewe."

Akafungua boneti. Akaweka kiganja juu ya bomba la hewa, akakiondoa haraka. Linachoma. Bomba lilikuwa linavuta hewa kutoka nyuma ya rejeta inayopoza injini, moto mtupu. Akaufuata waya kwa kidole hadi akaikuta ile punje ya mtama, akaitazama kwa muda. Kisha akaikata, akaunganisha waya kama ulivyozaliwa.

"Ulichokitupa ni nini?" Mzee akauliza.

"Uongo, baba. Nilikubali mwenyewe utiwe. Tulimwambia anavuta baridi, naye akala kama mtu wa baridi, akakimbia kama mtu wa baridi. Kumbe anavuta moto. Nimemuumiza kifua."

"Na ukiutoa?"

"Atakwenda polepole. Joto hili atalisikia, atajihurumia."

"Sasa utamshindaje huyu?"

Oresta akainuka kutoka kwenye boneti. Akalizunguka gari mara moja, akapiga magoti mbele ya bampa, akagonga taa ya ukungu ya upande wa kulia kwa kidole. Akaichomoa. Nyuma yake kukawa na tundu la kupitisha mkono, limetazama mbele, mbali na rejeta, mahali upepo unapopiga.

"Hatutamwambia tena kuna baridi," akasema. "Tutampelekea hewa inayofaa mwenyewe anuse. Ila nahitaji bomba refu la mpira, na hapa hakuna duka."

Hapo ndipo Mzee Kikoti alipofanya jambo ambalo hadi leo watu wa mbao wanalizungumza. Alivaa kofia yake, akalifungua lori lake, akachomoa bomba lake la kuvutia hewa, akaja nalo begani kama nyoka aliyemuua.

"Baba! Utarudije nyumbani?"

"Ukishinda, tutajua. Ukishindwa, nitapewa lifti na Chengula."

Wakalifunga pamoja. Oresta akashika huku, Mzee akakaza kibano cha mwisho kwa mkono wake mwenyewe, akajifuta jasho, ameridhika. Msimamizi akaita jina. Oresta akaingia, akafungua mlango wa kushoto kutoka ndani, akamtazama baba yake.

"Nini?" Mzee akauliza.

"Umekaza kibano, baba. Gereji yetu ina sheria. Aliyegusa hupanda."

Watu wakashangilia. Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, akakuta hata Chengula anamnyooshea helmeti. Akaingia. Alikaa kama mtu anayepelekwa mahakamani, kofia ameibana kwapani.

Oresta mwenyewe ndiye aliyenisimulia ya ndani. Kona ya kwanza Mzee alisema, "Yesu wangu." Ya pili akasema, "Mama yangu." Kufika kona za katikati, pale palipokuwa na mlio wa mahindi, Oresta alitega sikio. Kimya. Injini inavuta hewa yenye afya, upepo wa mlima unaingia moja kwa moja tunduni, na kadiri wanavyopanda ndivyo unavyopoa, na pua inasema kweli, na kompyuta inaachia nguvu kwa haki. Lakini kifuani palikuwa na kidonda tayari. Moshi ukaanza tena, mwembamba. Oresta akalegeza mguu.

"Mbona unapunguza?" Mzee akauliza.

"Baba, pistoni moja imeumia. Nikiendelea hivi itakufa."

"Na usipoendelea?"

"Linakwenda Makambako."

Mzee Kikoti akashika kishikio cha mlango kwa mikono miwili. "Basi ongeza!" akapiga kelele. "Ongeza, mwanangu! Life likiwa letu!"

Oresta akakanyaga. Walivuka mstari wa juu moshi umewafunika, msimamizi akatafuta gari kwa kusikiliza. Hatua chache mbele injini ikapiga mshindo mmoja, ikanyamaza. Saa ikasomwa: Chengula alikuwa ameachwa, kidogo, lakini ameachwa.

Watu wakakimbilia juu wakidhani watawakuta wanaruka. Wakamkuta Oresta ameweka mkono juu ya boneti kama mtu anayepima homa ya mtoto, na Mzee amekaa chini barabarani, kofia imemkaa kinyumenyume, anacheka peke yake.

"Gari ni lako," Mzee akamwambia. "Nimesema gari. Injini sikuahidi."

"Nimeshinda, baba, lakini limenifia."

"Mpando huu hatukulidanganya. Mbona limekufa?"

Ndipo Oresta akasema yale maneno, taratibu, na walioyasikia wakayashusha hadi Mafinga: "Deni ni la mpando wa kwanza, baba. Ukidanganya pua, kifua kitalipa."

Msimu mzima alikaa akiijenga upya ile injini, pistoni moja baada ya nyingine, na tundu la taa hajalifunga hadi leo. Kwa hiyo, mteja akija anataka tufunike taa, tukate waya, tuizibe mdomo sensa, ninyi mnajua la kumjibu.

"Na yule fundi fulani?" Mwinami akauliza. "Alifukuzwa?"

Hapana. Alisamehewa. Ni mtu mwenye kipaji, nani angemwacha aende? Isitoshe, tumbo ni ugonjwa kama mwingine.

"Nawe siku hiyo ulikuwa wapi, kaka Tobia? Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu."

Mimi nilikuwa na majukumu. Katika mashindano kuna kazi nyingi zisizoonekana, si lazima kila mtu akae mbele ya...

Nikaona macho yao yametoka usoni kwangu, yanatazama juu ya bega langu. Sikugeuka. Boksi la plagi likawekwa mezani taratibu, kando ya kiwiko changu.

"Shikamoo, dada Oresta," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba, wadogo zangu. Tobia, usikatishe. Unasimulia vizuri."

"Nilikuwa nimemaliza, dada."

"Hujamaliza. Mlango wa kile choo cha shule, walishautengeneza? Maana watu walipougonga kukuita uje upande, ulikuwa umeushikilia kwa ndani kwa mikono yote miwili. Na tumbo? Limepona?"

Faines akaziba mdomo. Mwinami hakujisumbua kuziba.

Oresta akatoa helmeti ya zamani chini ya meza, akapuliza vumbi, akaniwekea mapajani. "Jumamosi tunarudi Lugema. Na kiti cha kushoto bado kinakudai."

Mkono wangu, wallahi sikuutuma, ukaanza kwenda tumboni wenyewe.

"Kaka Tobia," Mwinami akasema kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayemwongoza mgonjwa, "ukidanganya pua..."

Faines akaimalizia, na safari hii hakuhitaji kueleweshwa na mtu:

"Kifua kitalipa."