Mji Aliopewa Pimbi

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti gani hiyo, mmeshinda njaa? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya. Pakawa jabali, juu ya jabali Pimbi anaota jua, na nyuma ya Pimbi, Fisi. Nyata, nyata, nyata... hap! Pimbi yumo kinywani.

Maskini Pimbi, na nyumbani kaacha watoto wananyonya! Lakini alimjua Fisi: akisikia kitendawili, hawezi kunyamaza.

"Kitendawili!" Pimbi akapiga kelele.

"Tega!" akajibu Fisi. Jamani, utasemaje "tega" umefumba mdomo? Pimbi akaanguka, pu! Fisi akamkanyaga mgongoni.

"Kiko karibu na meno, kiko mbali na tumbo."

Fisi akawaza. "Ulimi!"

"Wapi!"

Akawaza, akawaza. "Nyama iliyonasa kwenye gego!"

"Wapi!"

Akawaza, akawaza, akawaza, mate yanamtoka. "Mfupa!"

"Wapi, baba! Umeshindwa. Nipe mji nikuambie."

Nanyi mnajua, aliyeshindwa hutoa mji. Mwingine angetoa Tabora, mwingine angetoa Lamu. Fisi? Bahili yule, hata mji wa mdomoni unamuuma! Akatazama huku, akatazama kule, akaona ufa mwembamba kwenye jabali.

"Chukua ule ufa. Unakutosha."

"Ahsante, mzee wangu. Ila mji nikipewa, sharti niende nikafike ndipo nitoe jibu. Ndiyo desturi."

Fisi akautazama ufa: si hapo tu? Na jibu linamwasha kama upupu. Akainua mguu.

Churupu! Pimbi huyo ndani. Fisi mbio nyuma yake, gongo! Pua imeingia, kichwa kimegoma.

"Nimekwenda mjini, nimefika, wenyeji wamenipokea vizuri," Pimbi akasema kutoka ndani. "Jibu ni mimi!"

Fisi akacheka, maana kitendawili kilikuwa kitamu. Kisha akalia, maana yeye hakuonja kitu. Mpaka leo mkimsikia porini, hajui acheke au alie.

Basi, wajukuu, funzo ni hili: kuweni wakarimu. Fisi angetoa mji mkubwa wenye barabara pana, angeingia na mgeni wake na kumla kwa raha zake. Umesikia, Mwanaidi, unayeficha mkate chini ya kanga?

Ngano yangu imefika mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, bado anangoja pale ufani.