Mtoto Aliyepigiwa Vigelegele

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja ambaye mke wa mwanawe alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza iliharibika, kwa hiyo hii ya pili mama mkwe aliilinda kama mboni ya jicho. Alimpenda yule binti, msimfikirie vibaya.

Kliniki walimpa binti vidonge vya vitamini na vya kuongeza damu. Mama mkwe akavitupa chooni. "Hivi vinanenepesha mtoto tumboni, mwisho utapasuliwa. Damu huletwa na soda nyekundu na maziwa. Mimi nimezaa, najua."

Basi ikawa asubuhi soda, mchana soda, jioni uji uliokolea sukari. Siku moja binti akarudi kutoka kliniki, akasema kwa adabu, "Mama, nesi anasema sukari yangu imepanda. Niache vitamu."

Mama akacheka. "Sukari ni ugonjwa wa wazee wenye hela zao. Kunywa, mwanangu."

Angefanya nini? Nani kati yenu angemkatalia mama mkwe aliyemshikia kikombe?

Binti akanenepa, uso ukamjaa, majirani wakasema huyu kapata ndoa. Alipojifungua, mtoto akapimwa: kilo tano! Mama mkwe akapiga kigelegele pale nje ya wodi, na wanawake wa kanisa waliomsindikiza wakaitikia. Moyo wake ulikuwa mweupe siku ile. Aliona ameshinda.

Nesi akatoka, akangoja wanyamaze. "Mama, mtoto anatetemeka. Sukari yake imeshuka vibaya."

"Imeshuka? Mtoto mkubwa namna ile?"

"Ukubwa ule ndio ugonjwa wenyewe, mama. Tumboni alizoea sukari nyingi ya mama yake. Sasa amekatiwa ghafla, na mwili wake haujiwezi."

Kabla ya jua kuzama, wakamletea mama mkwe mtoto, amefunikwa hadi usoni kwa kitenge kile kile alichokuja nacho kumpokelea.

Ndugu zangu, inaniuma kusema haya. Sisi tunajua kupenda, kusikiliza hatujui. Tunamtuma mjamzito kliniki, kisha akirudi tunamfundisha upya jikoni. Na ninyi kina baba, msiangalie dari. Ni nani hapa aliyewahi kumuuliza mkewe, "Leo nesi amekwambia nini?"

Mnadhani yule mama ni wa kanisa lingine? Nilipotaja kilo tano hapa, kuna waliosema "Amina". Nimewasikia.